Sungura wa Chinchilla na jua la Adjumani: anza na paa

Swali: "Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nilifuga sungura Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, kwa miaka bila shida yoyote. Mwaka jana nilihamishiwa Adjumani, kaskazini mwa nchi, nikaja nao: dume mmoja wa Chinchilla na majike watatu. Nimewajengea banda la mabati lenye vizimba vya waya. Tangu Januari wote wanahema mchana, usiku wanatulia. Jike mmoja aliyebakiza siku chache azae alikufa saa tisa alasiri. Wawili waliobaki wamepandwa mara kadhaa, hawashiki mimba. Dume ndiye kipenzi cha wanangu, tunamwogopea. Muuza dawa amenipa amoksilini akisema ni mapafu, bado sijawapa. Jirani anasema niwamwagie maji baridi. Kwenye simu nimesoma kwamba Chinchilla anahitaji mchanga wa kuogea na chupa ya barafu. Nifuate lipi?"

Mwalimu, pole sana kwa jike wako, na ahsante kwa kuuliza kabla ya kufungua dawa hizo. Mrudishie aliyekuuzia. Amoksilini ikipita mdomoni mwa sungura huua vijidudu vyema vya tumboni, ambavyo ndivyo vinavyomsaidia kusaga majani. Vibaya huchukua nafasi, mnyama anaharisha, na baada ya siku chache unamzika. Penisilini ya kumeza ni vivyo hivyo. Nimeitwa mara nyingi kuona sungura waliokuwa wamezidiwa na joto tu, nikakuta wameshapewa dawa ya aina hiyo, na tatizo ninalolikuta si joto tena.

Kwa maelezo yako, hapo hakuna homa ya mapafu. Ugonjwa wa mapafu huanza na mmoja au wawili. Pua hutoa kamasi, na kwa kuwa sungura hujipangusa pua kwa miguu ya mbele, manyoya ya upande wa ndani wa miguu hiyo hugandamana. Mgonjwa wa namna hiyo huhema hata alfajiri kukiwa na ubaridi. Wako wanahema wote pamoja, saa zilezile, na jua likizama wanatulia. Hilo ni joto. Hata hivyo leo usiku nenda na tochi, shika miguu ya mbele ya kila mmoja, uitazame. Ukikuta manyoya ni makavu na safi, elekeza nguvu zako zote kwenye joto.

Kabale ilikuwa inakufanyia nusu ya kazi. Mji ule uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake unaujua mwenyewe. Sungura hustarehe zaidi hewa ikiwa kati ya nyuzi 15 na 21 hivi za sentigredi, kwa hiyo kule hata banda lenye kasoro lilimtosha. Adjumani iko chini, bondeni mwa Nile. Kuanzia Desemba hadi Machi hakuna mvua ya maana, na kufikia Februari joto la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara. Jirani zenu wa Sudan Kusini walifunga shule Machi 2024 kwa sababu ya joto, wakazifunga tena Februari 2025. Sungura huanza kuteseka hewa ikivuka nyuzi 30 hivi, na kuanzia 35 maisha yake yako hatarini. Banda lilelile, chakula kilekile, mfugaji yuleyule, lakini nchi imebadilika.

Sungura hatoi jasho la kumpoza kama sisi, na kuhema kwake hakumsaidii kama kunavyomsaidia mbwa. Anategemea masikio na pua. Mwili husukuma damu ya moto kwenye mishipa ya masikio, hewa ikipita inaipoza, damu inarudi ndani. Mtazame dume wako saa saba mchana: mishipa imetuna chini ya ile ngozi nyembamba, na ukilishika sikio utahisi limeshika moto. Lishike tena saa kumi na mbili asubuhi, litakuwa la baridi na mishipa huioni vizuri. Njia ya pili ni pumzi. Akiwa ametulia mahali penye ubaridi hupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika. Tazama ubavu unavyopanda na kushuka, hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Ukipata zaidi ya 100 naye amelala tu, mwili umeanza kuelemewa. Kazi hii wape wanao. Wataifanya kwa furaha, na ukiwapa daftari la kuandika hesabu ya asubuhi na ya saa nane mchana, utajua mwenyewe kama mabadiliko unayoyafanya yanasaidia au hapana.

Masikio yanafanya kazi kwa sharti moja: hewa inayoyazunguka iwe na ubaridi kuliko mwili wa mnyama, ambao kwa kawaida una nyuzi 38.5 hadi 40, na hewa hiyo iwe inatembea. Ndani ya banda la bati lisilopitisha upepo, saa tisa alasiri, sharti hilo halipo. Ndiyo maana aliyetangulia kufa ni yule mwenye mimba kubwa. Tumbo lake lilikuwa limejaa, mapafu yamebanwa, na vitoto vilivyomo vilikuwa vinazalisha joto lao ambalo lazima litokee kwake. Alikuwa anabeba joto la wengi kwa masikio mawili.

Chinchilla naye amevaa zaidi ya wenzake. Mpulizie manyoya ya ubavuni taratibu yafunguke, utaona mviringo ndani ya mviringo: karibu na ngozi rangi ya jivu iliyoelekea buluu, kisha rangi ya lulu, kisha ncha nyeusi na nyeupe zikichanganyika. Yamesongamana kiasi kwamba ni shida kuiona ngozi. Sungura huyu alitokezwa Ufaransa, akaonyeshwa hadharani mara ya kwanza 1913, na akapewa jina la mnyama mdogo wa milima ya Andes huko Amerika Kusini kwa sababu wanafanana rangi. Hawana undugu mwingine wa karibu. Habari za mchanga ulizosoma kwenye simu zinamhusu huyo wa Andes, ambaye huoga vumbi. Wako akimwagiwa mchanga ataupata machoni na puani, na pua ndiyo anayoitegemea. Achana nao. Badala yake mchane manyoya yaliyolegea kila baada ya siku moja au mbili, kwa kitana au kwa kiganja kilicholowa kidogo. Usimnyoe. Ngozi ya sungura huchanika kirahisi mno.

Sasa tufike kwenye kazi. Ushauri wangu wote umesimama juu ya jambo moja: zuia joto lisimfikie, usingoje limfikie ndipo umpoze. Barafu, feni na maji ni vya kusaidia tu, na banda lenye paa linalochoma litavishinda vyote. Kwa hiyo pesa uliyo nayo, hata iwe kidogo, ianzie juu.

Kesho saa nane mchana ingiza mkono kizimbani, uuweke pale mgongo wa sungura unapokaa, kiganja kikitazama chini. Ukihisi joto linakushukia juu ya mkono, ujue bati linawachoma japo wako kivulini. Watu wengi huniambia "wako kivulini, daktari", na ni kweli jua haliwagusi. Lakini bati lililopigwa na jua halishikiki kwa mkono, na joto lake hushuka moja kwa moja kwa kilicho chini yake. Bati bila dari halimkingi sungura na kiangazi cha Adjumani.

Dawa ya bei nafuu ni nyasi za kuezekea, ambazo kiangazi ndiyo msimu wake. Laza fito juu ya mabati, tandaza nyasi juu ya fito unene wa shubiri, funga kwa kamba zisibebwe na upepo. Fito zipo ili kuacha nafasi ya vidole vitatu au vinne ambamo hewa inapita kati ya nyasi na bati. Nafasi hiyo ina kazi kubwa sawa na nyasi zenyewe. Kama unaogopa moto, na ni haki uogope kwa jinsi mapori yanavyochomwa msimu huu, basi fanya dari ndani. Nunua mikeka ya mafunjo, ifunge chini ya bati kwa kuacha nafasi ya hewa ileile, na pande zote mbili za nafasi hiyo ziwe wazi ili hewa ya moto itoke. Juu ya bati paka chokaa nyeupe. Itachuja mvua zikianza, lakini wakati huo shida yako itakuwa imepungua. Rudia jaribio la mkono siku ileile utakayomaliza.

Tazama pia banda limeelekea wapi. Kuta ndefu zinapaswa kutazama kaskazini na kusini, na zile fupi mashariki na magharibi, maana jua la asubuhi na la alasiri huingia kwa chini, na la alasiri ndilo baya zaidi. Upande wa magharibi uzibwe kwa mkeka au nyasi kabisa. Kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii: Adjumani iko kaskazini kidogo mwa ikweta, kwa hiyo miezi hii ya kiangazi jua linapita upande wa kusini hadi karibu na mwisho wa Machi. Refusha ukingo wa paa upande huo wa kusini, hata kwa mkeka uliotegwa kwenye miti miwili. Kama huwezi kugeuza banda, ukingo huo utakusaidia sana.

Vizimba vikae mbali na paa. Kama ni vya ghorofa mbili, dume na jike mwenye mimba wakae chini, kwani hewa ya moto hupanda. Kuta za pande za upepo ziwe wavu kuanzia usawa wa sungura kwenda juu, si mbao tupu. Mimi humwambia mfugaji achague upepo kuliko ukuta mzuri. Ila ukifungua pande, kumbuka nyoka, paka na siafu: wavu uwe na matundu madogo, na miguu ya vizimba isimame ndani ya makopo yenye oili chakavu.

Mti ni bora kuliko yote niliyoyataja, kama unao. Kivuli cha mwembe, mfenesi au mwarobaini kinapoza kuliko paa lolote nitakalokuchorea. Epuka mparachichi tu, maana majani yake ni sumu kwa sungura na yatawaangukia vizimbani.

Ubaya mwingine wa joto ni mkojo. Hewa ikipata moto, harufu kali ya mkojo hupanda na kuunguza pua. Ukiinama hadi usawa wa vizimba na macho yakakuwasha, ondoa kinyesi siku hiyohiyo, na uondoe kila siku hadi mvua zije. Nzi nao wanaongezeka. Mgeuze kila sungura mara moja kwa siku, tazama chini ya mkia. Manyoya machafu hapo nzi hutaga, na mabuu hula nyama ya mnyama akiwa hai.

Kuhusu kupoza hewa kwa maji, hapo Adjumani mna nafasi nzuri kuliko watu wa kando ya Ziwa Viktoria. Upepo wenu wa kiangazi ni mkavu, unatoka kaskazini mashariki, na hewa kavu hunywa maji upesi, ikiyanywa inapoa. Tafuta magunia ya mkonge, maana ya nailoni hayanyonyi maji. Yaloweke, yakamue kidogo, yatundike upande upepo unakotoka, hatua moja mbali na vizimba, ili hewa ipite kwenye gunia kabla ya kumfikia sungura. Yaloweshe tena kila yakikauka, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Maji yasidondokee vizimbani. Mtu wa Entebbe akifanya hivi atapata banda lenye unyevu na sungura wenye mafua, kwa sababu hewa ya ziwani imeshashiba maji. Na kwako pia, mvua zikianza, yaondoe.

Ndani ya kizimba weka tofali la kuchoma lililolala majini usiku kucha. Utamkuta sungura amelilalia kwa tumbo. Tofali hutoa ubaridi polepole kwa saa nyingi, haligharimu kitu, na halihitaji umeme. Chupa ya barafu nayo ni nzuri, huo ushauri wa simu si mbaya. Jaza maji chupa ya lita moja na nusu, acha nafasi juu isipasuke, igandishe, izungushie kitambaa, umwekee saa tano asubuhi, kabla hajaanza kuhema. Kila sungura na chupa yake, na kizimba kiwe na nafasi ya kusogea mbali nayo akitaka. Feni peke yake inasukuma tu hewa iliyopo, na hewa ya nyuzi 38 ikisukumwa inabaki ya nyuzi 38. Ukiiweka nyuma ya gunia lililolowa ndipo inafaa. Waya wake uwe mbali na meno yao.

Kwenye maji ya kunywa nitakuwa mkali kidogo. Bado nakutana na wafugaji wenye mabanda mazuri wanaoamini kwamba sungura hanywi maji, kwamba majani yanamtosha, na akinywa tumbo litaharibika. Imani hiyo inaua. Sungura wa kilo tatu hunywa kati ya mililita 150 na 450 kwa siku ya kawaida, na kiangazi anazidi hapo. Jike anayenyonyesha anaweza kumaliza lita moja na zaidi. Asipokunywa hali, asipokula tumbo linasimama, na tumbo la sungura likisimama ni vigumu kulirudisha.

Maji kuwepo hakutoshi, yawe na ubaridi pia. Sungura huyakataa maji ya moto, na hapo ndipo wafugaji wengi wanapodanganyika: chombo kimejaa hadi jioni, wanadhani mnyama hana kiu. Kama una mpira mweusi unaopeleka maji kwenye chuchu za kunywea, ufunge kwa gunia au uuzike, kwa kuwa mpira huo juani huchemsha maji. Mimi napendelea bakuli zito la udongo lililochomwa bila rangi. Hupoza maji lenyewe kama mtungi wa nyumbani, halipinduki, na sungura hunywa mengi zaidi kwenye bakuli kuliko kwenye chuchu. Mpe mabakuli mawili, badilisha maji saa moja asubuhi, saa sita, saa tisa na jioni. Jerikani ya maji yao ikae ndani ya nyumba, sakafuni.

Chakula nitakipitia haraka. Kusaga chakula huzalisha joto mwilini, kwa hiyo mlo mkubwa uwe saa kumi na mbili jioni, wale usiku kwenye ubaridi, na asubuhi na mapema uongeze majani mabichi kidogo. Mchana waachie nyasi kavu tu. Kishona nguo, matawi ya viazi vitamu na nyasi laini ni vizuri ukivipata. Kiangazi mabaki makavu ya karanga na kunde yanafaa, mradi hayana ukungu. Yakate majani asubuhi na uyatandaze kivulini. Majani yaliyorundikwa kwenye gunia juani hupata moto katikati, na hayo ndiyo yanayowajaza gesi. Peleti, yaani chakula cha kiwandani cha vipande vidogo, kama unatoa, ziwe za jioni.

Mkimkuta mmoja amezidiwa, jirani yako yuko nusu ya njia: maji ndiyo, lakini kumwagia maji baridi hapana. Dalili ni hizi: amejinyoosha kwa tumbo, kichwa amekiinua nyuma, pua inapanuka, kidevu kimelowa mate, masikio mekundu. Akifungua mdomo kuvuta hewa, dakika zinahesabika, maana sungura kwa kawaida hupumua kwa pua tu. Mtoe umpeleke mahali penye kivuli na upepo, sakafu ya saruji ndani ya nyumba inafaa. Chukua maji ya kawaida ya mtungini, yasiwe ya barafu. Lowesha kitambaa, upake masikio mbele na nyuma, kisha nyayo. Rudia kila yakikauka, pepea kwa kadibodi. Usimtumbukize kwenye beseni: baridi ya ghafla huifunga mishipa ileile ya masikio unayotaka ifanye kazi, na mshtuko wenyewe unaweza kumuua. Usimmiminie maji mdomoni, yataingia mapafuni. Weka bakuli mbele yake, anywe akiweza. Pumzi ikirudi chini na akaanza kutazama huku na huku, acha kumlowesha, mwache atulie. Kisha angalia kinyesi. Zikipita saa 12 bila punje hata moja, mtafute daktari wa mifugo wa wilaya siku hiyo, usingoje kesho.

Kuhusu yule dume kipenzi: wanao wanaweza kumweka ndani mchana, ila kwanza pimeni. Nyumba ya bati isiyo na dari, saa tisa alasiri, inaweza kuwa na joto kuliko chini ya mwembe. Nunua kipimajoto cha ukutani, kikae usawa wa sakafu kwa siku moja kila mahali unapofikiria kumweka, uchague penye tarakimu ndogo. Sakafu ya saruji bila zulia ndiyo kitanda chake. Kuanzia saa tano hadi saa kumi na moja wasimbebe wala kumkimbiza. Mnyama aliyeshikwa kifuani anaongezewa joto la aliyemshika, na hofu humzidishia pumzi. Wacheze naye alfajiri au baada ya jua kuzama, wakati ambao yeye mwenyewe huwa mchangamfu. Na ukitaka kuwasafirisha, wakati wa likizo kwa mfano, wapande basi la usiku wakiwa nawe ndani kwenye boksi lenye matundu, kamwe si kwenye buti.

Limebaki suala la mimba, na hapa dume wako ameonewa. Joto linalopita nyuzi 30 kwa siku kadhaa mfululizo huharibu mbegu zake. Hamu haipungui sana: anapanda, anaanguka ubavu kama dume yeyote mzima, nawe unaandika tarehe kwenye daftari, kumbe hakuna kilichoingia cha maana. Mbegu mpya huchukua wiki sita hadi saba kutengenezwa. Kwa hiyo hata ukimpoza leo, wiki kadhaa zijazo bado atakuwa anatoa zilizoharibiwa na joto la Januari na Februari. Si mzee, si mgonjwa, usimchinje wala usimuuze. Mpe nafasi yenye ubaridi kuliko wote, hata kuliko majike, kwa kuwa yeye akiharibika zizi zima linasimama. Majike nao joto huwapunguzia uwezo wa kushika na idadi ya vitoto, kwa hiyo usiwapande sasa. Mimba ya siku 31 ikianzia Februari huishia Machi, na umeshaona joto la huko linamfanya nini mwenye mimba kubwa.

Panga mwaka wako kufuata mvua. Mvua zikianza Aprili, subiri wiki saba baada ya joto kushuka, kisha mpeleke jike kwenye kizimba cha dume alfajiri, si kinyume chake. Siku ya 14 mpapase tumbo taratibu. Ukikuta vidonge laini vilivyopangana, ameshika. Uzao wa mwisho wa mwaka upandwe mwanzoni mwa Oktoba, azae Novemba, vitoto viachishwe kunyonya kabla ya Krismasi, na Januari wakukute huna mwenye mimba wala anayenyonyesha. Sanduku la kuzalia huko liwe na matundu pembeni na sakafu ya wavu au mbao zilizoachana, na manyoya atakayonyofoa mama uyapunguze vitoto vikitawanyika pembeni badala ya kulala pamoja, kwa maana vikitawanyika vinakimbia joto.

Ikiwa Juni itaisha, hewa imepoa, dume amekaa vizuri kwa miezi miwili na bado majike wote wawili hawashiki, hapo tutatafuta sababu nyingine. Mkague kokwa zake: ziwe mbili, zinalingana, zimejaa, hazina vidonda. Niandikie ulichokiona, pamoja na uzito wa majike, kwa sababu jike aliyenona sana naye hashiki kwa urahisi.